Ng'ombe wa Nyuzi Tano

Bunia nzima ilimjua Honoré kwa jina la Nyuzi Tano. Gitaa lake lilikuwa na nafasi ya nyuzi sita, lakini kifunguo cha uzi wa sita kilivunjika mwaka wa sabini na tisa kwenye sherehe ya ubatizo huko Bambu, na yeye hakukitengeneza tena. Waliomuuliza aliwajibu kwamba nyuzi tano zinamtosha mtu mwenye jambo la kusema, na kwamba wenye nyuzi sita anawasikia kila siku redioni na hawasemi kitu. Alikuwa mtu wa majivuno kiasi hicho. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, upara umeanza kumla utosini, shati la maua lililobaki tangu enzi za Zaire, na sauti ya kukwaruza ambayo wanawake wa rika lake waliipenda na vijana waliivumilia. Mkewe alikuwa amerudi kwao Beni zamani, akisema hawezi kuolewa na wawili, mtu na gitaa. Uzi mmoja kati ya zile tano ulikuwa waya wa breki ya pikipiki.

Muziki wake ulikuwa wa kuchanganya. Alichukua nyimbo za wachungaji alizolala nazo akiwa mtoto mgongoni kwa mama yake, akazitia mapigo ya rock aliyoyasikia kwenye santuri za klabu ya wafanyakazi wa mgodi. Wazee walisema ameharibu nyimbo zao. Vijana walisema ameharibu rock. Lakini wimbo mmoja ulikubaliwa na wote, wakauimba kwenye harusi, kwenye matanga na kwenye foleni ya maji, nao ulikuwa wimbo wa ng'ombe. Si wa ng'ombe wote, wala wa utajiri wa ng'ombe. Ulikuwa wa ng'ombe mmoja mwekundu wa kukolea aliyeitwa Bihogo, na ng'ombe huyo alikuwepo kweli.

Alikuwa wa mama yake, Mama Geneviève, mjane aliyekuwa na mtoto mmoja na ng'ombe mmoja. Mwaka wa sitini na nane kijana Honoré aliliona gitaa mikononi mwa Mbuyi, fundi umeme wa mgodini aliyetoka Kasai, na tangu siku hiyo hakula vizuri wala kulala. Mbuyi alikuwa anataka kuoa msichana wa Bambu, na mahari ilikuwa imekwama kwa ng'ombe mmoja. Basi Mama Geneviève alimfunga Bihogo kamba, wakatembea siku mbili kutoka milimani hadi Bambu, mama mbele, ng'ombe katikati, Honoré nyuma. Mbuyi alipokea kamba na kutoa gitaa. Mama aliligeuza geuza, akachungulia lile tundu.

"Hii inakunywa maji na wapi?" aliuliza.

Kisha alimgeukia mwanawe, akasema kwa utulivu, "Utaimba jina yake mupaka nikufe. Njo bei yangu."

Honoré aliapa. Ahadi ni deni, na deni hilo alililipa miaka thelathini na zaidi bila kukosa, mpaka vita vilipoingia mjini.

Wimbo wenyewe haukuwa na maajabu. Ulikuwa ni ile safari ya siku mbili:

*Bihogo, kunywa maji, Bambu ingali mbali,*
*Bihogo, usiniangalie, si weye uliomba.*
*Asubui maziwa, magaribi maziwa,*
*Kesho ni nani atakuita na jina yako?*

Vita vilipofika Bunia, kila kitu kililazimishwa kuchagua upande. Watu walichagua kwanza, au walichaguliwa. Halafu mitaa, halafu visima, halafu makanisa. Mwishowe hata wanyama na vyombo vya shamba vilipewa vyama. Mtu aliyebeba jembe katika mtaa fulani aliulizwa maswali, na aliyenuka maziwa katika mtaa wa pili hakuulizwa hata hayo maswali. Miaka ile mjini kwetu ng'ombe hakuwa tena mnyama, alikuwa siasa yenye mkia. Na katikati ya ujinga huo mkubwa alisimama Honoré na wimbo wake, kila siku, katika nganda moja ya Mudzipela, baa iitwayo Paix du Soir, yaani Amani ya Jioni. Jina lilikuwa zuri, ila kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku, nganda ilifunguliwa saa nane mchana na kufungwa saa kumi na moja, na hakuna mteja aliyewahi kuiona jioni akiwa ndani yake. Ilikuwa na viti kumi na vinne vya plastiki, meza sita, na mwenye mali, Lydie, mwanamke mnene mwenye akili nyingi ambaye alizungumza kidogo na kusikia yote.

Wa kwanza kuutwaa mji tusiwataje, maana walibadilisha majina ya chama chao mara nyingi kuliko mashati. Inatosha kusema walipenda ng'ombe, au walipenda kusemwa hivyo. Komanda wao mmoja alisikia wimbo wa Bihogo, akatoa machozi, akaamuru uimbwe watu wote wakiwa wamesimama. Ukawa unaimbwa mara tatu kila alasiri, na walevi walipata taabu sana. Wiki ya pili komanda alisema wimbo unapungukiwa na ukali. Akamwandikia Honoré mstari wa kuongeza, wa pembe za Bihogo kutoboa matumbo ya maadui. Honoré aliutia. Angefanya nini? Mwenye nguvu mpishe.

Nyumbani mama yake alimsubiri mlangoni. Alikuwa amekaribia miaka themanini, mwembamba, mgongo bado umenyooka.

"Bihogo haikuchoma mutu pembe hata siku moja," alisema. "Ilikuwa inaogopa bata."

"Mama, ni ya hawa batu. Itapita."

"Nimesikia," alijibu, akala chakula chake kwa hasira, lakini akala.

Ikapita kweli. Wakaja wa pili, na hao hawakutaka kusikia habari ya ng'ombe hata kidogo. Siku tatu risasi zililia, siku ya nne Lydie alifungua nganda, na siku ya tano alimwita Honoré pembeni karibu na kreti za chupa.

"Papa Honoré," alisema, "hapa inje iko batu wapya. Leo imba ya mapenzi. Nyama yote uache ku nyumba."

"Batu wataomba ile wimbo. Wanaiombaka kila siku."

"Basi angalia namna. Kichwa yako ni moja tu."

Honoré alifikiri kwa muda wa chupa moja. Mnyama gani asiye na chama? Kuku wana wenyewe, nguruwe atawaudhi Waislamu, samaki ni wa watu wa ziwani. Akaona mbuzi. Mbuzi yuko kila upande wa vita, anakula karatasi za kila chama. Funika kombe mwanaharamu apite. Alasiri ile akapanda kwenye kreti yake iliyogeuzwa juu chini, akapiga utangulizi uleule wa miaka thelathini, akafungua kinywa, na mbuzi akatoka. *Mbuzi we, kunywa maji, Bambu ingali mbali.* Wateja wa zamani walitazama miguu yao. Wapiganaji wapya walicheza mpaka kiti kimoja kikavunjika. Rachidi, mchimba dhahabu aliyekimbia Bambu na sasa alimpigia Honoré mdundo wa chupa na kijiko, alikosea mapigo kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane.

Jioni ile Honoré alirudi na samaki mkavu, akapika bugali mwenyewe, akaweka sahani mbele ya mama yake na maji ya kunawa. Mama aliangalia yale maji. Hakutia mkono.

"Nilikupa ngombe," alisema. "Mbuzi sikukupa."

Akanyanyuka, akaenda kula kwa jirani.

Kwa watu wengine hilo lingekuwa jambo dogo, bibi kizee amenuna. Kwetu si dogo. Mama akikataa sahani ya mwanawe, majirani huanza kuzungumza kwa sauti ya chini, kwa kuwa hiyo ni laana inayoingia bila kupiga hodi. Akifa kabla hajala tena mkononi mwake, basi tena, huyo mtoto atabaki na sahani ile mbele yake maisha yake yote. Honoré aliyajua hayo. Ndiyo maana usiku ule, yeye aliyeimbia mawaziri na makomanda, alilia kama alivyolia siku alipoliona gitaa.

Tangu hapo Mama Geneviève hakumsemesha mwanawe. Aliposhindwa kunyamaza alimsemesha kuku. Walikuwa na kuku mmoja tu, jike jeusi, na kuku huyo akawa balozi wa nyumba.

"Weye kuku," angesema, Honoré akiwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, "ambia mwenye mbuzi nyumba yake inavuja."

Honoré angepanda kuziba bati. "Weye kuku," angesema tena mama, "ambia yeye, iko inavuja ule upande ingine."

Mambo yangekuwa mabaya kiasi hicho tu kama asingetokea Yves. Yves alikuwa kijana wa shirika moja la amani, mwenye koti lisilo na mikono lakini lenye mifuko kumi na miwili, na ndani ya kila mfuko kulikuwa na kalamu. Alimsikia Honoré, akampenda, akamwalika kwenye semina ya siku mbili yenye soda. Alieleza kwamba msanii ni daraja, na kwamba wimbo ule ungefaa sana kwa upatanisho ila mbuzi hana hadhi. Aliuliza kama haingewezekana awe njiwa.

Honoré alisema njiwa hatembei siku mbili kwenda Bambu kwa miguu.

"Ni simbole, muzee," alisema Yves. "Simbole haichoke."

Basi akawa njiwa. Mistari mingine haikuguswa, kwa sababu saa ya chakula ilifika, na kwa hiyo mbele ya wageni waheshimiwa na bendera nne Honoré alimwimbia njiwa mwenye kutoa maziwa asubuhi na magharibi. Mzee mmoja alinyoosha mkono kuuliza. Alijibiwa kwamba maswali ni kesho. Honoré alipewa fulana nyeupe yenye njiwa kifuani, na alipofika nayo nyumbani mama yake aliitazama kwa muda mrefu.

"Weye kuku," alisema, "na weye uko na maziwa?"

Kuku hakujibu. Honoré aliivua fulana, akaifanya ya kufutia gitaa.

Sasa ng'ombe halisi. Wakati siasa yenye mkia ikiendelea kwenye hotuba, ng'ombe wenyewe, wa miguu minne, walikuwa wanaisha. Kila waliotwaa mji walikuta idadi fulani na kuacha idadi ndogo zaidi. Waliopenda ng'ombe waliwala kwa mapenzi, waliochukia ng'ombe waliwala kwa chuki, na ukiangalia mifupa hukuweza kutofautisha. Katika mtaa wetu wa Mudzipela hapakuwa na familia ambayo haikuona wake wakisukumwa barabarani na vijana wenye bunduki. Watu walikaa matanga ya ng'ombe, wakanyoa hata nywele. Honoré peke yake hakuwa na la kulia, na alipokwenda kutoa pole majirani walimpokea kwa adabu ya baridi. Aliyemwita ng'ombe wake mbuzi, walisema, hana cha kuchukuliwa.

Kisha ikaja ile wiki ambayo mji ulibadilisha mikono mara nyingi mpaka watu wakaacha kuuliza. Wenye mamlaka wa asubuhi hawakuwa wa mchana. Hapo ndipo Rachidi alipomfuata Honoré kisimani, ndoo mkononi.

"Muzee," alisema, "samahani naingia mu mambo ya nyumba yako. Lakini mama ile chakula ya jirani anaachaka sasa. Anakunywa chai tu. Jirani aliambia bibi yangu."

"Tangu lini?"

"Wiki moja. Na ile kikohozi unaisikia mwenyewe."

Honoré alikisikia. Alikuwa anakisikia kila usiku kupitia ukuta, akijiambia ni vumbi. Alirudi nyumbani bila maji. Mama yake alikuwa amekaa juu ya mkeka, mabega yametokeza kwenye kitambaa, na kuku alikuwa anatembea katikati yao. Honoré alitafuta maneno. Mtu aliyeandika nyimbo themanini hakuwa na neno hata moja la kumwambia mama yake uso kwa uso.

"Weye kuku," alisema mwishowe, "ambia mama, siku ya posho akuje Paix du Soir. Saa tisa."

Mama hakuinua kichwa. Lakini Jumamosi alivaa kitenge chake cha kanisani, cha bluu chenye picha za funguo, akatembea taratibu kutoka nyumbani hadi nganda akiwa ameshika fimbo, na Lydie akamtolea kiti chenye miguu yote mizima, akakiweka mbele kabisa.

Watu walikuwa wengi kuliko viti. Honoré alianza na nyimbo za mapenzi, tatu mfululizo, na Rachidi alipiga chupa yake vizuri. Wimbo wa tatu haujaisha, Komanda Orly aliingia. Alikuja na wapiganaji sita na sekretere mmoja mwenye daftari na mhuri uliofungwa shingoni kwa kamba ya kiatu. Orly lilikuwa jina lake la vita, alilichukua kwenye picha ya uwanja wa ndege. Alikuwa wa upande gani? Mpaka leo watu wa Mudzipela hawakubaliani. Wako wanaoapa alikuwa wa wale wa kwanza waliorudi, na wako wanaoapa alikuwa wa wale wa pili ambao hawajaondoka. Yeye hakusema. Alikaa, akaweka bunduki mezani, akaagiza.

Lydie, akipita na chupa, alimtazama Honoré na kutikisa kichwa, kidogo tu, kama anayefukuza nzi. Honoré alielewa. Alihesabu: akiimba ng'ombe na huyu ni wa pili, amekwisha. Akiimba mbuzi na huyu ni wa kwanza, amekwisha vilevile, maana habari ya mbuzi ilikuwa imefika mbali. Njiwa alikuwa wa shirika, na shirika lilikuwa limeondoka na ndege siku ya Jumatano. Kisha alimwangalia mama yake. Alikuwa ameketi wima, mikono yote miwili juu ya fimbo, macho kwenye gitaa, na uso umebaki mifupa. Honoré akaona kwamba hapa duniani watu wote walikuwa wamemwamuru aimbe kitu, na mtu mmoja tu ndiye aliyelipia. Liwalo na liwe.

Akapiga utangulizi. Wateja wa zamani waliweka bilauri chini. Akafungua kinywa.

*Bihogo, kunywa maji, Bambu ingali mbali.*

Rachidi aliacha kupiga chupa. Hakuna aliyecheza, hakuna aliyekohoa, hata mama. Honoré aliimba akiwa amefumba macho, akingojea kishindo, na kwa kuwa kishindo hakikuja aliimba mpaka mwisho, bila pembe, bila matumbo ya maadui, jina mahali pake mara nane kama alivyoliweka akiwa na miaka kumi na minane. Alipofumbua macho mashavu ya mama yake yalikuwa yamelowa. Alikuwa anatabasamu, na alikuwa anamtabasamia yeye, si kuku.

Komanda Orly alisogeza bunduki upande mmoja ili aone vizuri.

"Hii ngombe," alisema, "iko wapi?"

Nganda nzima ilishusha macho. Honoré alilamba midomo. "Komanda, ni wimbo ya zamani tu. Haina politike ndani."

"Politike ya nini? Miye nauliza ngombe. Iko wapi?"

"Ni ya tangu mwaka ya sitini na munane, komanda."

"Muzee, sikia muzuri." Orly aliongea kwa upole wa mtu aliyechoka. "Wakubwa waliniomba ngombe makumi mbili, mbele ya kesho. Niko na kumi na tisa. Nilitembea Mudzipela yote, kila nyumba banasema ilishaisha. Sasa naingia hapa kunywa, nasikia weye unaita ngombe na jina yake. Kama iko na jina, iko na pahali."

Hapo Honoré aliona mambo yote, na alitamani kucheka na kutapika kwa pamoja. Mwaka mzima alikuwa amemficha Bihogo kwa hofu ya maana yake, akamgeuza mbuzi, akamtia mabawa, akamkosa mama yake, na mwenye bunduki hakutaka maana yoyote. Alitaka nyama. Hapo ndipo Mama Geneviève aliposimama. Alikuwa na furaha sana, jambo ambalo halikuwa limempata siku nyingi, na furaha ilimponza. Alinyoosha fimbo yake kuelekea gitaa.

"Njo ile," alisema kwa fahari. "Nilitoa Bihogo, nikapata ile. Njo ngombe yangu."

Wapiganaji walicheka. Orly hakucheka. Alilitazama gitaa, akamtazama sekretere wake, na yule sekretere, kijana aliyeonekana kuwa amesoma mpaka mahali fulani, alifungua daftari lake la bon, yaani stakabadhi.

"Komanda," alisema, "bon inauliza hesabu. Haiulize kama inakula majani."

"Mama mwenyewe amekubali?"

"Mbele ya batu yote. Njo mwenye mali."

Orly alifikiri, akaitikia kwa kichwa. Mpiganaji mmoja alinyoosha mkono, na Honoré, ambaye hakuwahi kumpa mtu gitaa lile hata alibebe, alimpa. Mama Geneviève alikuwa bado amesimama, fimbo imebaki hewani, na furaha ilikuwa inamtoka usoni polepole kadiri alivyokuwa akielewa alichokifanya. Watu walidhani ataanguka. Lakini alishusha fimbo, akagonga sakafu mara moja.

"Munipe bon," alisema.

"Mama, rudi ku kiti," alisema Orly.

"Ngombe za Mudzipela zote zilienda bila karatasi. Weye uko muizi, ao uko serikali?"

Komanda Orly angeweza kufanya chochote. Lakini hakuna neno lililowapendeza watu wa aina yake kuliko hilo la serikali, na watu wote walikuwa wanamwangalia. Alijinyoosha.

"Siye ni serikali," alisema. "Andika."

Sekretere aliandika akiinama juu ya meza, akitamka kila neno. *Ng'ombe: moja. Rangi?* Nyekundu, alisema mama. *Hali?* Sekretere alilitazama gitaa. Akaandika: *Kavu. Nyuzi tano.* Mama alimwambia bado, aandike jina. Sekretere alisema bon haina nafasi ya jina. Mama alisema atengeneze nafasi, na hakukaa mpaka nafasi ikapatikana, juu pembeni, na mhuri ukagongwa juu yake.

Walirudi nyumbani wawili, yeye na mwanawe, polepole kwa sababu ya kikohozi. Mikono ya Honoré ilikuwa inamsumbua, hakujua aiweke wapi. Walipofika karibu na mlango mama alisimama.

"Honoré," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi. "Nilikuuzisha mbele ya batu."

"Apana, mama."

"Miye nalikuwa nafurahi. Sikufikiri."

"Najua."

Ndani ya nyumba walikuta majirani wamekwisha kuingia na kukaa chini, kila mmoja na kitu mkononi, huyu unga, yule majani ya muhogo. Walikuja kutoa pole ya ng'ombe, kwa desturi, na safari hii adabu yao haikuwa ya baridi. Kesho yake Rachidi alileta habari kwamba kule walikopiga kambi gitaa lilihesabiwa mbele ya wakubwa, likakubaliwa kuwa la ishirini, halafu jioni kuni zilipungua wakalivunja, wakachomea mbuzi. Honoré alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha ghafla.

Lakini usiku ule wa kwanza, majirani walipoondoka, alisonga bugali, akaweka sahani mbele ya mama yake na maji ya kunawa. Mama aliosha mikono yote miwili. Alikula taratibu, tonge dogo dogo, akakohoa, akala tena, na Honoré hakula chochote kwa sababu alikuwa anamwangalia. Alipomaliza, mama alifungua pindo la kitenge, akatoa karatasi, akampa.

"Soma."

Honoré alisogeza taa. "Bihogo," alisoma. "Ng'ombe moja. Nyekundu. Kavu. Nyuzi tano. Imechukuliwa na serikali."

Mama Geneviève alikuwa amefumba macho, mgongo umeegemea ukuta.

"Ile ya mwanzo tu," alisema. "Ile jina. Rudilia."